Fomu ya Kuuliza Utazikwa Wapi

Kazi yangu ni kukata na kushona fomu. Mtu ana tovuti yake, ameijenga kwa ile programu ya bure inayotumiwa na kila mtu, na ndani yake imo fomu iliyotungwa na watu wa mbali kwa ajili ya watu wa mbali. Inamuuliza mchimbaji wa Nyarugusu msimbo wake wa posta. Inamtaka muuza mchele ataje jimbo analoishi. Asipojibu, inatoa maandishi mekundu na kukataa kwenda mbele, na mtu anazima simu akiamini kwamba mjinga ni yeye. Hapo ndipo ninapoitwa. Nafuta visanduku visivyo na maana, naongeza vinavyotakiwa, nageuza maswali yawe maswali ya watu ninaowajua. Kisha naandika masharti: hiki kikijibiwa hivi, kile kitokee, hiki kikiachwa wazi, kile kijijaze chenyewe.

Naifanyia Kahama, kwenye chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi ambaye babu yake ndiye aliyeanza kuuza mabati pale. Ananiita fundi cherehani wa kompyuta, na mpaka leo sijapata jina linalonifaa zaidi. Zamani, mgodi wa Buzwagi ulipokuwa unafanya kazi, hukuweza kuongea na simu dirishani kwa kelele za malori. Siku hizi unaongea vizuri tu, na mzee anasema angetoa chochote azisikie tena zile kelele.

Nimeshona fomu za shule, za zahanati, za watu wanaokodisha makarasha ya kusagia mawe. Nyingi nimezisahau, na ndivyo inavyotakiwa. Kuna moja tu ambayo nimejaribu kuisahau nikashindwa.

Ilikuwa ya chama cha kuzikana cha Katoro. Katoro ni mji wa waliokuja. Simama kwenye foleni ya maji uulize kila mtu ametoka wapi, utapata nusu ya ramani ya nchi: wamekuja kufuata dhahabu, au wamekuja kuwauzia chakula na viatu wanaofuata dhahabu. Sasa mtu akifa kwenye mji kama huo, lazima pawe na watu wa kununua jeneza, kukodi gari na kumsindikiza anakokwenda. Ndiyo kazi ya chama. Baba yangu alikuwa mwanachama wa siku nyingi, na mwenyekiti, mama mmoja muuza vitenge mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba, alipata namba yangu kwake.

"Binti, tutengenezee kitu watu wajaze kwenye simu," aliniambia. "Daftari letu limeliwa na mchwa. Limebaki gamba."

Nikaenda Katoro na kompyuta yangu. Nilimwonyesha fomu ya kwanza tukiwa dukani kwake, katikati ya marobota ya vitenge. Aliitazama akakunja uso.

"Haina adabu hii. Mtu anafungua tu, inamuuliza jina. Kama polisi."

Nikaweka habari za leo pale juu. Akasema kwa wazee haitoshi, iweke shikamoo. Nikamweleza kwamba fomu haijui anayeifungua ana umri gani. Kijana wa bodaboda akipewa shikamoo na simu yake mwenyewe ataona anakejeliwa. Mwenyekiti akafikiri.

"Basi imuulize kwanza mwaka aliozaliwa."

"Kabla ya kumsalimia?"

Akacheka mpaka akashika meza. Mwisho tuliandika *Karibu, pole na kazi*, maana hiyo haina mkubwa wala mdogo, na hakuna mtu Katoro asiyestahili pole ya kazi.

Kilichotushinda ni kisanduku kimoja. Kamati ilikuwa imechoshwa na ugomvi. Mtu anafariki, ndugu zake wanatoka Kasulu wanasema anakwenda Kasulu, wakwe zake wanasema anabaki hapa, na mwili unalala mochwari huku watu wazima wanarushiana maneno nje. Asiyekuwepo na lake halipo, na hakuna asiyekuwepo kama marehemu. Kwa hiyo walitaka kila mwanachama aseme mwenyewe, angali hai, atazikwa wapi. Nikaongeza swali, nikaliwekea ile nyota nyekundu ya lazima.

Nilijua halitajibika. Nimezaliwa huku, nimelelewa na watu wa huku. Kwetu kutaja kaburi lako ni kuliita. Ni uchuro, na hata anayesema haamini uchuro hataki kuwa wa kwanza kuujaribu. Majibu yalipoanza kuingia nilikuwa nayasoma Kahama nacheka peke yangu. Mmoja aliandika Mungu ndiye ajuaye. Fundi pampu mmoja akaandika *muulizeni mke wangu*, na mke wake, aliyejaza baadaye, akaandika *sihusiki*. Wengine walibonyeza nukta moja tu ili nyota nyekundu iwaachie wapite. Mama mmoja anayepika mihogo pale stendi aliandika kwa herufi kubwa: SIJAFA.

"Hilo swali litoe," Mwenyekiti aliniambia. "Si kuna lile la juu, *kwenu ni wapi*? Hilo wote wamejibu vizuri. Mtu huzikwa kwao. Chukua jibu la kule uliweke huku."

Ni sharti jepesi, halina hata mistari mingi. Chochote mtu atakachoandika kwenye *Kwenu ni wapi*, kinanakiliwa chenyewe kwenye *Mahali pa kuzikwa*. Swali lenyewe halionekani. Jibu linatokea mwisho kabisa, kwenye muhtasari, kabla mtu hajatuma; akitaka kulibadilisha anaruhusiwa. Hakuna aliyelibadilisha. Watu walikuwa wanaona, wanapita, wanatuma. Mwenyekiti alifurahi, kamati ikafurahi, na mimi nikajiona mjanja: nimepata jibu kwa watu bila kuwauliza.

Sasa niseme habari za baba. Alizaliwa Kishapu, kwenye ardhi inayotoa almasi, na alipoondoka kwenda kutafuta dhahabu watu walimcheka. Nauli aliipata kwa kumtoa ng'ombe kwenye zizi la baba yake na kumpeleka mnadani bila kuomba ruhusa. Hilo halikusameheka. Alichimba maduara, yale mashimo ya dhahabu, huku na kule, mengine yenye kitu, mengi matupu, mpaka akafika Bukombe na kumkuta mama, Msumbwa wa Runzewe, binti wa mkulima wa maharage. Akajenga pale pale Runzewe. Watoto wengine walikufa wadogo, nikabaki mimi. Nilikua na Kisukuma cha baba akikasirika, Kisumbwa cha mama akiwa na wenzake, na Kiswahili walichokutania katikati.

Kishapu hakuwahi kutupeleka. Baba yake alipokufa alikwenda peke yake, akarudi, akanawa miguu, hakusema neno. Kwangu kwetu palikuwa Runzewe na sikuwahi kufikiri kwamba kwa baba pangekuwa penginepo. Mama alipofariki tulimzika nyuma ya nyumba. Baba alilijengea kaburi kwa saruji kwa mikono yake, na pembeni akaacha nafasi ya kutosha mtu mmoja. Akawa anaipalilia mwenyewe. Sikuhitaji kuambiwa ni ya nani.

Baada ya hapo nyumba ilimshinda. Alihamia Katoro, akawa ananoa tindo kwenye karasha moja, kazi ya mtu ambaye kifua chake kimeshindwa kushuka duarani. Lile vumbi la mawe alilolivuta ujana mzima lilikuwa limekaa ndani na halikuwa na mpango wa kutoka. Alikuwa akitembea kidogo anasimama, anajifanya anatazama kitu dukani, hata kama duka limefungwa.

Fomu yake aliijazia kwangu, siku aliyokuja Kahama kupima kifua. Mimi nilisoma maswali, yeye akajibu, mimi nikaandika. Tulipofika pale, nikamuuliza.

"Kwenu ni wapi, baba?"

"Unaniuliza wewe?"

"Fomu inauliza."

"Andika Kishapu."

Nikaandika. Sikuona ajabu. Msukuma ukimuuliza kwao anataja alikozaliwa, kama vile ukimuuliza kabila anavyotaja kabila. Havimaanishi kwamba ndiko anakotaka kwenda. Mwishoni nilimgeuzia kompyuta asome muhtasari. Alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, kidole kikipita juu ya kioo. Alisoma polepole mpaka nikaanza kuchoka kusubiri.

"Sawa," alisema. "Tuma."

Nikatuma. Nikamchemshia chai.

Alifariki mvua za kwanza zilipoanza. Nilikuwa nimekaa naye wodini asubuhi nimeshika kikombe cha uji, akanywa kidogo, akasema umepoa, na nilipoondoka kuupasha nikaitwa na nesi kabla sijafika mlango wa pili. Sina maneno mazuri ya kueleza hapo. Niliumia, na mpaka leo nikiona uji uliopoa naumia.

Nilipopata akili ya kufikiri nilifikiri jambo moja: nimpeleke Runzewe. Nilitaka walale pamoja. Nilitaka niwe na mahali pamoja pa kwenda, nikafyeke majani, nikakae pale kwenye saruji niwaambie mambo yangu. Mtu asiye na kaka wala dada anawategemea hata marehemu. Nikampigia jirani wa Runzewe aanze kutafuta vijana wa kuchimba.

Lakini Mwenyekiti naye alikuwa amepiga simu zake, kama katiba ya chama inavyomtaka, na baba mdogo akawasili kutoka Kishapu. Nilikuwa nimewahi kumwona mara chache tu. Ana mabega ya baba na mwendo wa baba wa zamani, kabla ya kifua. Tulikutana dukani kwa Mwenyekiti, ambako kamati hukaa kukiwa na msiba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana." Alilia kweli, machozi ya mtu mzima yasiyo na sauti. Alipomaliza akajifuta kwa leso. "Tumekuja kumchukua."

Nikasema hapana. Nikasema nafasi ipo Runzewe, marehemu ameiandaa mwenyewe, mkewe yuko pale. Nilisema vizuri, nadhani. Mwenyekiti akatoa simu, akabonyeza, akaisogeza mbali na macho.

"Mwanangu, hapa imeandikwa Kishapu."

"Hakuandika yeye. Imejiandika."

"Imejiandikaje?" aliuliza baba mdogo.

Nikaeleza. Nikaeleza sharti, nikaeleza visanduku viwili, nikaeleza kunakili. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona nyuso zinavyolegea kwa huruma, kama watu wanaomsikiliza mtu ambaye msiba umempanda kichwani. Baba mdogo alisubiri mpaka nikamaliza.

"Sasa alipoulizwa kwao ni wapi, alisema wapi?"

"Kishapu."

"Basi."

"Kuulizwa kwenu siyo kuulizwa utazikwa wapi."

"Kuna tofauti gani?" Hakuwa ananikejeli. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi.

Nikamgeukia Mwenyekiti, maana yeye alikuwa anajua. "Mama, si unakumbuka? Watu walikataa kujibu. Wewe ndiye uliyesema tuchukue la juu."

"Nakumbuka."

"Basi waambie."

Alitazama simu yake, akatazama vitenge vyake. "Nikisema la baba yako lilijiandika, nitakuwa nimesema ya wote yamejiandika. Kila msiba tutarudi kwenye ugomvi ule ule. Siwezi, mwanangu. Na mtu huzikwa kwao, hilo sikulitunga mimi."

"Mwacha asili ni mtumwa," baba mdogo aliongeza kwa upole, akidhani ananifariji.

Tangu siku hiyo siipendi methali hiyo. Baba aliiacha asili yake akiwa kijana na hakuwa mtumwa wa mtu. Alikuwa mume wa mama na baba yangu, na kama huo ni utumwa basi alionekana kuuvumilia vizuri. Lakini sikusema. Nilikuwa mtoto wa kike, mmoja, mbele ya mdogo wa marehemu na kamati nzima, na neno langu lilikuwa jepesi.

Wakatoka nje kuzungumzia gari. Mimi nikabaki dukani na kompyuta yangu, na hapo nikafanya jambo la kipuuzi. Nilikuwa na nywila ya mfumo wote. Nilifungua taarifa za baba, nikaweka kidole kwenye *Mahali pa kuzikwa*, nikafuta Kishapu, nikaandika Runzewe. Lilikaa pale vizuri tu, kana kwamba lilikuwepo siku zote. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza hifadhi, kumwita Mwenyekiti na kumwambia atazame tena, pengine simu yake ilikuwa haijasoma vizuri. Angejua ni uongo. Nafikiri angekubali, kwa sababu ungemwondolea mzigo.

Nililitazama lile neno. Lilikuwa langu, si la baba. Wao walikuwa wamemsemea, na mimi nilikuwa najiandaa kumsemea, na tofauti yetu ilikuwa kwamba mimi ninajua kutumia kompyuta. Nikafunga bila kuhifadhi. Mpaka tunamzika nilijilaumu kwa huo uadilifu, maana niliona umenigharimu baba.

Tuliondoka Katoro na gari la mwili mbele na kosta ya wasindikizaji nyuma. Niliomba nikae gari la mbele. Barabara ya kwenda Kishapu inapita Runzewe, hakuna njia nyingine ya maana, na nyumba yetu haiko mbali na lami. Nilimwomba dereva apunguze mwendo. Alipunguza. Niliona bati, niliona mti wa mlangoni, niliona wale vijana wawili niliowaitisha wamekaa kivulini na majembe, maana nilikuwa nimesahau kuwapigia kuwaambia wasichimbe. Walisimama gari lilipopita. Mmoja akavua kofia. Kaburi la mama liko nyuma ya nyumba na barabarani halionekani.

"Tusimame kidogo?" dereva aliniuliza.

Nilitazama nyuma, kosta ilikuwa imetukaribia na baba mdogo kiti cha mbele. "Twende," nikasema.

Tukapita Ushirombo, tukapita Kahama, nikaliona dirisha la chumba changu kwa mbali na kile kilima cha mawe yaliyotupwa na mgodi. Baada ya Tinde nchi inafunguka, inakuwa tambarare na kavu, mvua ya huku ilikuwa bado haijafika huko. Nilikuwa namtazama dereva anavyobadilisha gia nikiwaza kwamba baba alipita njia hii kijana, akielekea upande ule mwingine, na pesa za ng'ombe wa wizi mfukoni. Sasa anarudishwa na sharti la binti yake.

Kishapu walikuwa wengi. Sijui walitoka wapi watu wote wale kwa ajili ya mtu aliyeondoka kabla wengi wao hawajazaliwa. Walinipokea vizuri, siwezi kuwasema vibaya. Walinipa kiti, wakanipa maji, wanawake wakanikumbatia wakilia. Nilisoma wasifu wa marehemu kwa Kiswahili na baba mdogo akawa anautafsiri kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee. Kisukuma changu kinatosha kujua kwamba wake ulikuwa mfupi kuliko wangu. Kuzaliwa kulikuwamo, kuondoka kulikuwamo, kuugua kulikuwamo. Runzewe haikuwamo. Sidhani alifanya makusudi. Nadhani aliona haina umuhimu.

Wakamlaza pembeni ya mama yake. Shamba lote kuzunguka lilikuwa na mabua ya mtama ya msimu uliopita, isipokuwa kile kipande cha kaburi, kilichokuwa na nyasi tupu. Nilitupa udongo wangu nikarudi nyuma. Nilichohisi kilikuwa hasira, na nilimwonea baba huruma, kama mtu anayemwona mwenzake anashushwa kituo kisicho chake na hawezi kumwambia konda.

Kesho yake asubuhi nilikuwa na shangazi, dada mkubwa wa baba, tunaosha masufuria ya msiba nyuma ya jiko. Ni mwanamke mwembamba asiyeongea mpaka aongeleshwe. Tulikuwa tunasugua kwa majivu, na nikaona siwezi kuondoka pale bila angalau mtu mmoja kujua ukweli.

"Shangazi, baba hakutaka kuletwa huku," nikamwambia. "Ile fomu ilikosea. Mimi ndiye niliyeitengeneza, najua."

Aliacha kusugua. "Nani kakwambia hakutaka?"

"Aliacha nafasi Runzewe. Pembeni ya mama. Alikuwa anaipalilia mwenyewe."

Alifikiri, akageuza sufuria upande wa pili.

"Alinipigia simu mwaka jana tukiwa tunavuna pamba. Kifua kinambana, anasema neno anapumzika. Akaniuliza, pale pembeni ya mayu, mama yetu, bado pako wazi? Nikamwambia pako wazi ila tunalima mtama. Akasema msimu ujao msilime."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji ya majivu. Sikuitoa.

"Hakusema kitu kuhusu Runzewe?"

"Nilimuuliza mimi. Nikamwambia, na mkeo unamwacha na nani kule? Akasema, yeye yuko kwao."

"Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Yeye yuko kwao."

Alikuwa ananiambia kwa wema, akidhani ananitua mzigo: mtoto alihofia amemzika baba yake pasipo pake, basi asihofu. Upande wa pili wa ua baba mdogo alikuwa anarudisha viti vya kuazima, anavipanga kwenye mkokoteni.

"Na mimi?" nikauliza. "Alisema nini kuhusu mimi?"

"Alisema usiambiwe mapema. Alisema utabisha."

Fomu haikukosea chochote. Ilinakili neno alilolisema, na neno lilikuwa la kweli, na alilisoma mstari kwa mstari mbele yangu akasema tuma. Nilikuwa nimepigana na Mwenyekiti, na baba mdogo, na sharti nililoliandika mwenyewe, ili nimbakize mtu aliyekuwa ameshaaga. Msiba wenyewe nilikuwa nimeshaulilia tangu hospitalini. Pale nyuma ya jiko nililia kwa sababu miaka yote ile, na nyumba aliyoijenga, na mama, na mimi nikiwa mgongoni kwake tukienda sokoni Runzewe, baba alikuwa mgeni wetu na hakutuambia. Ile nafasi aliyoipalilia Runzewe sikujua tena ni ya nani. Shangazi aliniacha nilie nilivyotaka. Nilipotulia akanisogezea sufuria nyingine.